Nipe Sababu Moja

Dukani Mikumi, muuzaji alipokunjua kamba ya katani, harufu yake kavu ilinirudisha uani kwetu Kilosa, karibu na banda la kuku, siku mbwa wetu alipokutwa na ute wa yai mdomoni.

Baba alijivunia kwamba haamui jambo kwa hasira. Alikaa kwenye kigoda, kamba mapajani, akaniita.

"Mbwa akishaonja mayai haachi. Wewe hutaki afe. Haya, nipe sababu moja."

Nikaanza kulia.

"Hayo ni machozi. Nimeomba sababu."

"Ananipenda, baba."

"Mayai pia anayapenda. Nyingine?"

Akanipa kamba nimfunge mimi, kwa kuwa siku hiyo mbwa alimkimbia kila mtu isipokuwa mimi. Alinilamba vidole nilipokuwa nakaza fundo. Baba akamvuta kuelekea mtoni, akarudi na kamba peke yake, imelowa, akaianika kwenye uzio.

"Ukikua utaona nilikuwa sahihi," akasema.

Nimesoma hadi chuo kikuu na bado sijapata kosa katika hoja ile, ingawa nimelitafuta sana.

Jioni tulikula ugali na dagaa. Baba alipomaliza alikwangua ukoko sufuriani, akasimama mlangoni nao mkononi, akapiga mluzi kama alivyofanya kila siku. Kisha akashusha mkono, mgongo wake ukiwa kwetu.

Mama hakuinua uso kutoka kwenye sahani.

"Piga tena, bwana," alisema. "Labda hajasikia."