Chuchu ya Mpira Ndani ya Siku Arobaini

Mambo ya uzazi na ziwa, kwetu Garissa, mwanamume huyapitia mbali. Mzee wa makamo yangu, aliyefundisha watoto dini tangu walipokuwa wakiandika kwenye mbao, anatarajiwa asome dua siku ya saba, ale nyama ya akika, kisha arudi msikitini. Niliambiwa hivyo msikitini na nikaambiwa ndani ya nyumba yangu. Niliwasikiliza wote kwa subira, nikafanya nililoona ni sawa. Kama nilikosea, nitaulizwa na Yeye aliyenipa mjukuu.

Binti yangu alikuja kujifungulia kwangu, kwa kuwa ulikuwa uzazi wake wa kwanza. Mama yake alikwishatangulia mbele ya haki, kwa hiyo dada yangu mkubwa akatoka Sangailu kuja kumlea kwa siku arobaini. Dada yangu amezaa tisa, amechunga ngamia maisha yake yote, na haogopi mtu. Huniita walaal, yaani ndugu, nami humwita abaayo, yaani dada. Akikasirika huniita sheikh.

Siku ya tano alirudi kutoka sokoni na chuchu ya mpira, ile ambayo mtoto huifyonza bila kupata kitu. Ilikuwa na utepe wa waridi, ijapokuwa mtoto ni wa kiume.

"Ni nini hiyo, abaayo?" nilimuuliza.

"Unakumbuka kitambaa tulichokuwa tukikifunga fundo, tukakichovya kwenye samli, mtoto akafyonza? Ndicho hiki. Kimekwenda shule tu."

Nilicheka. Alikuwa na hoja yake. Katika arobaini mzazi hupumzishwa. Hunyweshwa supu ya mbuzi na uji, hufukiziwa udi, na hafanyishwi kazi. Dada yangu aliona kwamba hata kilio cha mtoto ni kazi, akaamua kumwondolea mama kazi hiyo pia. Mtoto akilia, chuchu inachovywa kwenye asali, inaingia mdomoni, na nyumba inatulia. Mama analala. Mimi nilisoma nyuradi zangu za asubuhi bila kusumbuliwa, nikasema alhamdulillahi kwa utulivu ule. Ninaliandika hili ili nisijifanye nilikuwa mwerevu kuliko wengine. Wiki nzima nilishukuru kwa kimya ambacho kilikuwa njaa.

Aliyegutuka ni binti yangu. Siku ya kumi na mbili alizungumza nami kutoka nyuma ya pazia la mlango wake, kwa sauti ya chini.

"Aabo, nipeleke kliniki. Mtoto haombi tena."

"Haombi nini?"

Alilivuta pazia kwa haya, nami nikaelewa kuwa ni ziwa. Nikaenda kutafuta gari.

Dada yangu alisimama mlangoni, mikono kiunoni. "Mzazi hatoki nje kabla ya arobaini. Hujui hilo, sheikh?"

"Arobaini ni ruhusa aliyopewa mama," nikamwambia. "Mnaifanya kifungo. Sogea."

Hakusogea. Tulipita ubavuni mwake.

Kliniki tulimkuta muuguzi kijana kutoka Meru. Alimweka mtoto kwenye mizani, akatazama kijitabu, akatazama mizani tena. Mtoto alizaliwa na kilo tatu na robo. Siku ile hakufika hata tatu. Muuguzi aliichomoa ile chuchu, akainusa.

"Mzee, hii mmepaka nini?"

"Asali, binti yangu."

"Asali hapana, mpaka atimize mwaka. Inaweza kumdhuru vibaya sana mtoto mchanga. Na chuchu yenyewe wekeni kando kwanza. Ziwa hutoa maziwa kadiri linavyonyonywa. Mtoto akimaliza hamu yake kwenye mpira, ziwa halipati habari." Alisema mtoto anyonye kila anapoonyesha dalili ya kutaka, mchana na usiku, naye aamshwe akilala mno. Akishaongeza uzito na kunyonya kukiwa kumekaa sawa, yapata mwezi hivi, hapo mama akipenda anaweza kumpa chuchu, safi, kavu, baada ya kunyonya, bila kamba wala utepe shingoni. Kisha akaniomba nitoke nje ili amwelekeze mama namna ya kumweka mtoto kifuani.

Tuliporudi, niliitupa ile chuchu kwenye makaa mbele ya dada yangu. Ilinuka vibaya.

"Msichana wa Meru, wa kanisani, anakwambia asali haifai," akasema, "nawe uliyesomesha nusu ya mji huu unaitikia ndiyo, ndiyo?"

"Naitikia."

"Na aya ya nyuki umeisahau?"

"Mimi ndiye niliyekufundisha aya ya nyuki. Imetaja ponyo. Haikutaja kupaka mpira ili kumnyamazisha mtoto mwenye njaa."

Msikitini habari ilikuwa imefika kabla yangu. Mzee mmoja alininong'oneza kwamba watu wanasema nimegeuka mkunga. Nikamjibu kwa sauti ya kusikika safu nzima kwamba tumeamrishwa baba na mama waridhiane na washauriane kabla ya kumwachisha mtoto ziwa. Huyu wangu alikuwa akiachishwa ana siku kumi na mbili, na hakuna aliyemuuliza mama wala baba.

Kesho yake nilimkuta mtoto na chuchu nyingine, mpya. Dada yangu alikuwa amenunua ya pili.

Sikupandisha sauti. Nilimfuata jikoni, alikokuwa akikoroga uji.

"Abaayo, yule ngamia wetu mwekundu alipofiwa na ndama, ulifanya nini?"

"Unaniuliza nini na ulikuwepo?"

"Nataka kusikia."

"Nilimchuna ndama. Nikaijaza ngozi majani makavu, nikaisimamisha mbele ya mama yake ainuse."

"Kwa nini?"

"Ili ateremshe maziwa. Angekauka, nasi watoto tungelala njaa."

"Kwa ndama aliyekufa ulifanya yote hayo. Huyu yuko hai, nawe umemziba mdomo."

Mwiko ulisimama ndani ya sufuria. "Unamfananisha binti yako na ngamia?"

"Ningemfananisha na nini kingine kizuri hivyo?"

Hakucheka. Aliipua uji, akanawa mikono, akaingia chumbani. Kutoka uani nikasikia sauti yake: "Amka, mama. Mlete. Hapana, mlaze ubavu, tumbo lake likuguse. Afungue mdomo kwanza. Ndiyo, hivyo." Chuchu ya pili sikuiona tena, na sikuuliza.

Tangu saa ile alikuwa mkali kuliko muuguzi. Wageni waliokuja na mikebe ya maziwa ya unga waliondoka nayo. Mtoto alilia sana siku mbili za kwanza, na majirani wakasema tunamtesa. Walie nao, nikasema. Baada ya siku tatu mizani ilipanda kidogo. Wiki iliyofuata ilipita ule uzito wa kuzaliwa, na binti yangu alitoka chumba cha mizani akilia, mwanawe naye akilia, na dada yangu akiwakemea wote wawili.

Siku ya thelathini na sita binti yangu aliniita tena. Alisema mtoto ananyonya vizuri na ameongezeka, ila jioni hutaka kufyonza tu hata akishashiba, na yeye ameamua kumpa chuchu. Nilikwenda sokoni mwenyewe, mchana, nimevaa kanzu, nikaiomba kwa sauti.

"Ya nani, sheikh?" mwenye duka akauliza, watu wakageuka.

"Yangu. Huoni meno yameisha?"

Niliichemsha kwenye sufuria ndogo, nikaiacha ipoe, nikaipitisha chini ya pazia kwenye sahani. Jirani aliyekuwa ameketi uani akaniuliza kama si mimi niliyeikataza. Nikamwambia ndiyo, ni mimi, na leo nimeinunua, na sitajieleza.

Ndani, dada yangu alikuwa akimhoji mama mtu.

"Amenyonya?"

"Amenyonya, eddo," akamjibu shangazi yake.

"Pande zote mbili?"

"Zote mbili."

"Basi mpe."

Kisha akafunua pazia ili nione. Mtoto alikuwa akifyonza polepole, macho wazi, na maziwa bado yamebaki pembeni mwa midomo yake.