Kigingi Chenye Kichwa Chekundu

Mwezi jana nilirudi kijijini kwetu Manga, ndugu zangu wakitaka kugawana shamba la baba. Mpimaji alikuwa msichana mwenye kamashine kadogo. Alimaliza kazi kabla chai haijapoa. Nami, mwenzangu, nilikataa kumshikia kigingi, nikamwambia ni umri.

Nilikuwa na miaka minane hivi wapimaji wa kwanza walipofika kwetu, siku zile baada ya Uhuru. Walikuja na minyororo ya chuma, na mkubwa wao, ilisemekana, alikuwa ametoka kupima mpaka wetu na Tanzania. Kati ya pareto yetu na migomba ya jirani walipigilia vigingi vyenye vichwa vyekundu. Nyanya alituonya tusiviguse: vilikuwa vya serikali, na serikali ilikuwa na jela.

Mimi nilifunga ndama kwenye kimoja nikipalilia. Akakivuta, kikang'oka. Nilijaribu kukirudisha lakini udongo ulikuwa umebomoka, nikakimbia nacho jikoni nikakisukuma motoni chini ya chungu cha uji wa wimbi. Rangi ilinuka vibaya hata nikatupia majani makavu ya mgomba ili moshi uifunike.

Siku ya nne wapimaji waliona kigingi kimoja hakipo, chifu akaja nao pamoja na askari wake. Baba na jirani walikuwa wamegombania kipande kile miaka mingi, kwa hiyo hakuna aliyeuliza sana ni nani aliyeking'oa. Jirani yule, mzee aliyezoea kutuletea ndizi mbivu, alifungwa mikono kwa kamba. Baba alitazama chini. Nilihisi mkojo ukinitiririka miguuni.

"Ni mimi," nikasema. "Nilikichoma."

Nilingoja pingu. Mkubwa wa wapimaji alifungua kitabu chake, akavuta mnyororo, akapigilia kigingi kingine palepale. Mpaka ulikuwa kitabuni siku zote. Jirani alipofunguliwa alinijia akijisugua mikono, nikafumba macho.

"Umechelewa, mtoto wangu," akasema taratibu, "lakini umesema."

Baba akarudi kwenye pareto yake bila kumwomba radhi. Jirani hakuja tena kula kwetu. Mama alimpelekea kibuyu cha maziwa mara mbili, na mara zote mbili kikarudi kimejaa. Tukaacha kupita kwao kwenda chemchemi, nyasi zikaimeza njia ile, na siku hizi hakuna anayejua kwamba iliwahi kuwepo. Wazee wale wawili wamelala ardhini, kila mmoja upande wake wa mstari.