Chupa Kumi na Mbili Alizobeba Mama

Masharti ya meli yalikuja kwenye simu yangu, kurasa kumi na moja. Niliyachapisha Kisii mjini, nikayapeleka nyumbani Gesima, na katika yote nikamsomea mama sharti moja tu, lile lililomhusu. Kila abiria mtu mzima anaruhusiwa kupanda na chupa zisizozidi kumi na mbili za vinywaji visivyo na kileo. Kila chupa isizidi nusu lita, na iwe imefungwa kiwandani. Zote zibebwe kwenye begi la mkononi siku ya kupanda. Zitakazopatikana ndani ya sanduku zitachukuliwa na kurudishwa siku ya kushuka.

Mama alikuwa akichambua chinsaga, ile mboga yetu chungu, ungo ukiwa mapajani. Hakuinua kichwa.

"Melini ni siku ngapi?"

"Nne."

"Tatu kwa siku," alisema. "Zitatosha."

Hakuwa na hofu ya kiu. Dada yangu mdogo anafanya kazi katika meli hiyo ya watalii, na kwa muda mrefu alituambia kwamba yuko upande wa vyakula. Haukuwa uongo, ila haikuwa kweli yote. Siku moja jirani alimwonyesha mama picha kwenye simu: binti yake amevaa kizibao cheusi, amesimama nyuma ya kaunta, na nyuma yake rafu tatu za pombe. Dada ndiye anayechanganya vinywaji kwenye baa.

Sisi tunasali Jumamosi. Pombe haijawahi kuingia kwetu, na hata chai hatunywi, ingawa shamba letu lote ni michai na mimi mwenyewe ni karani wa kituo cha kununulia majani. Wageni hulicheka jambo hilo. Sisi tumelizoea. Majani huenda kiwandani, sisi hunywa uji wa wimbi.

Dada alipokuja likizo Desemba iliyopita, asubuhi ya kwanza aliamka kabla yetu akapika uji huo. Alimmiminia mama kikombe akakiweka mbele yake kwa mikono miwili. Mama alisema ameshiba. Baada ya muda mfupi aliinuka, akaenda jikoni, akajimiminia mwenyewe kutoka sufuria ileile, akanywea huko amesimama. Mlango wa jikoni ulikuwa wazi. Mimi niliona, na dada aliona. Wiki tatu alizokaa nasi, mama hakupokea kutoka mkononi mwake hata maji.

Hawakugombana. Kama wangegombana ningejua pa kuanzia.

Safari yenyewe ilikuwa zawadi ya dada. Wafanyakazi wa meli hupewa nafasi za jamaa kwa bei nafuu, naye aliziomba mbili, ya mama na yangu, Mombasa hadi Unguja na kurudi. Nilipompigia simu kumweleza kwamba mama atabeba vinywaji vyake, alinijibu kwa swali.

"Kaka, unajua kwa nini namleta?"

"Aone bahari."

"Bahari nitampigia picha. Nataka akae kwenye kaunta yangu anywe kitu kimoja nilichomtengenezea. Kimoja tu, hata kiwe maji ya ndimu. Akikataa pale, mbele ya kazi yangu, nitajua amenikataa mimi, na sitamsumbua tena kwa kuja likizo."

"Sharti linamruhusu kubeba."

"Najua linamruhusu. Mimi ndiye niliyekutumia."

Hapo ndipo nilipochagua njia yangu. Sharti lilikuwa upande wa mama, na mimi si mtu wa kumficha mzazi haki yake. Nilitaka akatae au akubali kwa hiari, si kwa sababu mwanawe amempotezea chupa njiani.

Kwanza alitaka kubeba uji. Nilimwambia uji wa sufuriani haujafungwa kiwandani. Akasema yuko kijana sokoni mwenye mashine ya kubana vizibo, anayefunga juisi zake mwenyewe, atatufungia. Nilimwambia kwamba uji uliochachuka ukifungwa hufura, na joto la Mombasa si baridi ya Gesima. Utapasukia ndani ya begi, na atakayeulizwa ni mfanyakazi aliyetuleta. Alifikiri kidogo.

"Basi za dukani," alisema. "Lakini nizisome mwenyewe."

Mama hasomi maandishi madogo siku hizi. Kwa hiyo nilizisoma mimi, kwa sauti, katika duka la jumla la familia moja ya Kihindi pale mjini. Mwenye duka alizaliwa Kisii, na Ekegusii chake, lugha yetu, ni safi kuliko cha wapwa zangu wanaokaa Nairobi. Alimpa mama kiti na kumwita omong'ina, kama tunavyowaita wanawake wazee kwa heshima.

"Hii ni embe, maji, sukari na ladha ya embe," nilisoma.

"Kama embe limo," mama aliuliza, "ladha ya nini tena?"

Mwenye duka aliweka miwani yake kwenye paji la uso. "Omong'ina, umekuja kununua au umekuja kunitahini?"

"Nikishakutahini ndipo ninunue."

"Basi chukua maji. Maji hayana swali."

"Yametoka wapi?"

"Chini ya ardhi."

"Ya nani?"

Mwenye duka alicheka, naye mama akacheka pia, lakini chupa hakuiachia mpaka alipojibiwa. Tuliondoka na maji chupa sita, juisi ya embe tatu na maziwa ya chupa tatu. Nyumbani nilizipanga kwenye begi la mkononi, vizibo juu, nikaweka masharti pembeni endapo mtu atatusimamisha. Jioni ya kuamkia siku ya kuondoka begi lilikuwa tayari mlangoni. Sikulikagua tena. Kwa mtu anayekagua magunia ya majani kila siku, hilo lilikuwa kosa langu.

Mombasa, ndani ya ukumbi wa abiria bandarini, sanduku la mama lilipita kwenye mashine na ukanda ukasimama. Askari wa kukagua mizigo, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya upole, alitusogeza kando akalifungua. Chupa zote kumi na mbili zilikuwa humo, kila moja imeviringishwa ndani ya nguo. Nililishika begi la mkononi. Ndani mlikuwa na sweta, Biblia na masharti yangu.

"Mama, chupa hizi ni zako?"

"Ni zangu."

"Zilitakiwa mkononi. Hamkuambiwa?"

"Tuliambiwa," nilisema. "Nilizipanga mkononi mimi mwenyewe." Nikamgeukia mama, nikamuuliza kwa Ekegusii kwa nini amezihamisha.

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa swali la kitoto. "Ningepitaje mlango wa mtoto wangu nimeshika maji mkononi, watu wote wakiona? Wenzake wangesema hana cha kumpa mama yake."

Kwetu ni hivyo. Ukimtembelea mtoto aliyejitegemea, unaweza kumpelekea ndizi, kuku, unga. Hivyo ni vyake, utamkabidhi. Ila chakula chako mwenyewe cha kula humo nyumbani huingii nacho. Ni kumtangazia njaa. Mama alilijua hilo kabla yangu, na usiku wa kuamkia safari lilimtosha kuamka na kuficha chupa. Lakini kabla ya hapo sikuwahi kumsikia akiiita meli ile mlango wa mtoto wake. Nadhani hata yeye hakuwa amejisikia akisema hivyo.

"Anasema nini?" askari aliuliza.

Nilimweleza. Dada anafanya kazi humo, mama ameona haya kuingia na vinywaji vyake hadharani. Askari alitazama nyuma yake, akateremsha sauti.

"Sanduku halijapanda bado. Zihamisheni upesi kwenye begi la mkononi, mimi sijaona kitu."

Nilianza kufungua zipu. Mama aliweka mkono wake juu ya wangu.

"Mwambie aandike jina langu," alisema. "Nitazichukua nikishuka."

Nilimwuliza kama ana hakika. Alikuwa tayari anakunja nguo alizofungia chupa, moja moja, na kuzirudisha sandukuni.

Dada hakuwa amejua lolote. Mchana, meli ikiwa bado gatini, tulipanda ghorofa ya nane tukamkuta anapanga glasi. Mama alipata taabu na kile kiti kirefu, nikamshika kiwiko, akaketi, akaweka mkoba mapajani kama aliye benki. Alizitazama chupa za rafuni kutoka mwisho hadi mwisho, bila haraka. Kisha akamtazama binti yake.

"Una nini?"

Dada aliiweka chini glasi aliyoshika. "Nina nanasi, Mama. Pasheni. Ndimu. Tangawizi."

"Hicho chombo cha kuchanganyia kimewahi kutiwa nini?"

"Hiki, kila kitu." Alikiweka kando, akainama, akatoa jagi la glasi. "Hili ni la juisi za watoto. Halitiwi kingine."

"Lioshe nione."

Aliliosha. Alilisuuza mara ya pili bila kuambiwa. Alikata nanasi, akaponda tangawizi, akakamua ndimu, akatia sukari, na kila alichokishika alikiinua kwanza mama akakiona. Kisha akamimina kwenye glasi, akaisogeza kwa mikono miwili. Mimi nilitazama kaunta.

Mama alinywa. Alinywa kidogo, akasubiri, akanywa tena mpaka nusu.

"Tangawizi haitoshi," alisema.

"Niongeze?"

"Ongeza. Nayo sukari ipunguze."

Mzee mmoja Mzungu alikuwa amefika kando yetu, ameinua kidole aagize. Mama alimgeukia, akamwambia kwa Kiswahili, lugha anayowawekea wageni, "Ngoja kidogo. Anahudumia mama yake."

Dada alimtafsiria neno kwa neno, macho yakiwa kwenye tangawizi, na yule mzee akavuta kiti akangoja.