Kobe Alipofika Chemchem Mara ya Pili

Siku yangu ya kwanza kazini sikuuza hata tiketi moja. Meneja alinikalisha mlangoni mwa ukumbi wetu wa sinema pale Chemchem, kwenye kiti kisicho na mgongo, akasema, "Leo utahesabu vichwa tu." Nikahesabu. Aliporudi nikamtajia hesabu. "Rudia," akasema. Nikarudia, ikatoka ile ile. Akanitazama kama mtu aliyepewa chenji kamili bila kuidai, na kesho yake akanipeleka dirishani. Nilikaa hapo mpaka nikastaafu.

Kabla ya hapo nilikuwa nauza asali stesheni. Kwetu Tabora mnunuzi wa asali haanzi na bei, anaanza na ulimi. Unachovya kijiti, unampa, anaonja, nawe unakaa kimya. Ukifungua mdomo kabla hajameza, umejipunguzia bei mwenyewe. Meneja yule alikuwa mteja wangu. Alisema amechoka kubanwa na mimi, akaona nafuu aniajiri niwabane wengine kwa niaba yake.

Ninyi mnaobeba tiketi ndani ya simu, nawaeleza kazi ilivyokuwa. Tiketi ilikuwa karatasi ya vipande viwili. Kimoja anaingia nacho mtazamaji, cha pili, tulichokiita kishina, kinabaki kwangu. Onyesho likianza, vishina na vichwa lazima vilingane. Visipolingana, kuna mtu kaingilia dirishani, na simaanishi dirisha langu. Filamu zenyewe zilikuja kwa treni, mikanda ndani ya makopo ya bati. Mkanda ukikatika ukumbi mzima unapiga miluzi, na wa kuwatuliza nilikuwa mimi, maana uso waliolipa mbele yake ni wangu.

Kisha zikaja kanda za video, watu wakatazama majumbani. Zikaja simu, wakatazama vitandani. Meneja wa kwanza alistaafu. Wa pili alikuwa mwema lakini aliwaogopa watazamaji, na kwa ukumbi wa sinema hilo ni tatizo. Wa tatu alikuwa binti wa Nzega, mtoto wa mchungaji wa Kimoravian, aliyekuja na projekta ya kisasa na imani nyingi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umekuja kufungua au kufunga?"

"Kufungua, mama."

"Basi kaa, kiti hicho hakina mgongo."

Masikini, hakujua alichokikuta. Mwenye jengo alikuwa ameshatoa kauli: likizo ya shule ikiisha na viti bado vitupu, ukumbi unageuzwa ghala la saruji. Fundi wake alishakuja kupima mlango, aone kama mkokoteni wa mifuko utapita.

Meneja akaweka matumaini yake yote kwenye katuni. Ilikuwa sehemu ya pili ya filamu iliyochorwa na vijana wa hapa hapa nchini, habari za kobe mpagazi anayebeba mzigo kwa njia ya zamani ya misafara, kutoka Ujiji kwenda pwani. Sehemu ya kwanza iliishia kobe akiutua mzigo Tabora, nusu ya safari, bila kujua ndani mna nini. Kwetu ilionyeshwa siku chache tu, projekta ya zamani ikazimika isiwake tena. Kwa hiyo mji mzima waliokuwa wameiona ni wachache. Lakini huko Dar es Salaam, tuliambiwa, ya pili ilikuwa inajaza kumbi.

Aliyetuambia ni msambazaji. Huyu ni mtu anayechukua filamu kwa watengenezaji na kuzikodisha kwa wenye kumbi, kisha mapato ya mlangoni wanagawana. Filamu isipovuta watu mahali, anaipeleka pengine. Wetu alikuja mwenyewe, Mzaramo, na Mzaramo ni mtani wa Mnyamwezi tangu zama za misafara hiyo hiyo.

Jumamosi ya kwanza akaja baba mmoja na watoto watatu.

"Mama, hii ndiyo ya pili?"

"Ya pili."

"Ya kwanza iko wapi?"

"Ilishapita."

"Sasa niwaingize wanangu katikati, kama mgeni aliyekuta watu wananawa mikono ya kushiba?"

Akaondoka nao. Watoto walitembea huku wamegeuza shingo, wanamtazama kobe kwenye bango la ukutani. Nikawahesabu waliorudi nyuma siku ile, kisha walioingia. Waliorudi walikuwa wengi zaidi.

Msambazaji naye alikuwa anahesabu. "Mama, Tabora wameikataa. Jumatatu naihamishia Mwanza."

"Mtani," nikamwambia, "mababu zetu walibeba mizigo ya kwenu pwani mpaka shingo zikazama mabegani. Leo wewe ubebe katuni siku mbili tatu unalia?"

"Mababu zenu walilipwa."

"Kwa shanga. Nikulipe shanga?"

Akacheka. "Mpaka Jumatano."

"Jumapili ijayo."

"Alhamisi, mama, na hapo nimejiumiza."

"Jumapili ijayo, na chakula cha mchana unakula kwangu siku zote hizo."

"Mboga gani?"

"Kisamvu cha karanga."

Akameza mate kama mnunuzi wa asali. "Jumapili," akasema.

Meneja alitaka tuonyeshe sehemu ya kwanza bure asubuhi, ya pili mchana. Msambazaji akakataa, ya kwanza ilikuwa imekodishwa kwingine na hakuwa nayo.

"Basi tutaionjesha," nikasema.

"Kwa kitu gani, mama?" Meneja akauliza. "Hatuna hata kipande."

"Mdomo ninao."

Jumatatu mchana nikafunga dirisha, nikasimama kwenye ngazi za ukumbi, nikaanza kumsimulia kobe tangu Ujiji. Mwanzoni nilikuwa na watoto wanne na muuza karanga. Ng'ambo ya barabara alikuwapo fundi baiskeli, mzee mwenzangu, hana dogo.

"Kobe gani abebe mzigo kumshinda Mnyamwezi?" akapaza sauti.

"Huyu. Tena akipewa kazi Jumatatu haimalizi mwezi ujao kama fundi wangu."

Watu wakacheka, wakasogea. Nikawavusha mto Malagarasi kobe akiwa juu ya gogo. Nikawapitisha msitu wa miombo na simba wake.

"Simba alimla?" mtoto akauliza.

"Angemla, mimi ningekuwa nauza tiketi za nini?"

Nilipomfikisha Tabora umati ulikuwa umefika kwa fundi. "Akautua mzigo," nikasema. "Akajinyoosha, akafumba macho. Mara mzigo ukatikisika wenyewe."

Hapo nikanyamaza. Nikageuka, nikarudi ndani, nikafungua dirisha, nikakaa.

"Bibi, ndani mna nini?" watoto wakauliza, nami nikapanga tiketi. Wa kwanza kufika dirishani alikuwa baba yule wa Jumamosi, wanawe wakimvuta suruali.

"Wanne. Nipunguzie basi."

"Nimekupa nusu ya hadithi bure, na bado unataka kupunguziwa?"

Akalipa.

Jumanne watoto wale walikuwa wanaisimulia wenyewe mitaani, kwa makosa mengi na simba wa kuongeza. Wengine walimfanya kobe apitie nyumbani kwao. Sikuwasahihisha. Kufikia Ijumaa watu wazima walikuwa wanakuja bila watoto, wakidai wametangulia kuikagua. Jumamosi tuliazima mabenchi ya kanisani, hayakutosha. Mwenye jengo alikuja kuona viti vitupu, akakosa cha kukalia. Alitazama filamu nzima amesimama, ameegemea mlango ule ule uliopimwa na fundi wake. Alipotoka alimwambia Meneja, "Saruji nitaitafutia mahali pengine," kisha akaniuliza mimi kama kuna sehemu ya tatu.

Jumapili msambazaji hakuondoka. Alisema ni filamu, mimi nasema ni kisamvu. Tukapanda treni na projekta hadi Kigwa, kisha Urambo, ambako wakulima walikuwa wameuza tumbaku na watoto wao walikuwa na madai. Kila mahali nilisimama kwanza, nikaonjesha, nikanyamaza. Wakubwa wa Dar es Salaam walimpigia msambazaji simu kuuliza Tabora kumefanywa tangazo gani. Aliwajibu kwamba ni siri ya biashara, na kwa mara ya kwanza nikamheshimu.

Nimestaafu sasa. Ninyi mnaoanza kazi za namna hii mnaulizana watu wamekwenda wapi. Hawajaenda mbali. Wako ng'ambo ya barabara kwa fundi baiskeli, wanasubiri mtu awaanzie mwanzo.

Juzi sehemu ya tatu ilifika Chemchem. Nikapanga mstari kama wengine. Binti wa dirishani akaniamkia, akasema mimi nipite bure. Nikakataa, nikalipa bei iliyoandikwa bila kuomba punguzo, jambo ambalo nawaomba msilisambaze sokoni. Nikakaa nyuma, nikahesabu vichwa. Kisha, kwa mazoea, nikarudia. Hesabu mbili hazikulingana, na safari hii hapakuwa na kosa. Watu walikuwa bado wanaingia.