Mkono Kutoka Nyuma

Teodora aliporwa mkoba mchana kweupe, na hakufanya chochote.

Alikuwa mkata minofu katika kiwanda cha sangara huko Nyakato, miaka ile ya tisini viwanda vya samaki vilipokuwa vinafunguliwa na viwanda vingine vya zamani vinapunguza wafanyakazi. Vibaka waliongezeka, ndiyo maana akajiunga na karate. Kila Jumamosi alivaa nguo nyeupe katika ukumbi mmoja mjini, na mwalimu wake, Suhaib, alipenda kumtolea mfano mbele ya wenzake, maana teke lake lilifika juu ya kichwa cha mwanamume.

Siku hiyo alikuwa ametoka zamu, akashika njia ya mkato nyuma ya ukuta wa kiwanda. Mkono ukamkaba shingo kutoka nyuma. Teodora alisubiri mwili wake ufanye kitu. Haukufanya. Akasukumwa chini, mkoba ukaenda, naye akabaki amekaa mchangani na buti moja mguuni, akishangaa kwamba hata sauti haikumtoka.

Majirani walimuuliza karate yake ilikuwa wapi. Jumamosi alimweleza Suhaib, akitarajia kukemewa. Mwalimu alimsikiliza, na Teodora alipogeuka kuondoka, akamkaba vilevile. Teodora akaganda tena. Suhaib alimwachia, akakaa kwenye benchi, uso umembadilika.

“Nimekufundisha kupambana na mtu anayeinama kukusalimu kwanza,” alisema. “Hili la mtaani silijui.”

Alimwelekeza kwa Mama Mhoja, askari magereza mstaafu aliyefundisha wanawake katika uwanja wa parokia. Huko hapakuwa na nguo nyeupe. Kila mtu alikuja na kitenge chake, mabuti na kikapu cha kazini. Teodora alitoa shikamoo, na kabla hajaitikiwa mwanamke mmoja alimkamata kwa nyuma. Mama Mhoja akamwambia apige kelele. Kilichotoka kilikuwa kama kikohozi. Siku za mwanzo walifundishwa kelele tu, mpaka koo likauma. Baadaye vikafuata kisigino juu ya vidole vya mguu, kiwiko, halafu kukimbia. Mkoba auachie, aliambiwa, atapata mwingine sokoni.

Miezi ikapita. Asubuhi moja getini, Pius wa chumba cha barafu, kijana mpenda utani, alimjia kwa nyuma akamziba macho kwa viganja. Ukelele ulimtoka Teodora kabla hajajua ni wake, na kiwiko chake kikaruka nyuma. Alipogeuka, Pius alikuwa amepiga magoti, damu ikichuruzika mdomoni, na walinzi wanakuja mbio. Teodora aliutazama mkono wake kama wa mtu mwingine. Alimpeleka zahanati mwenyewe, akimwomba radhi njia nzima. Pius hakukasirika, alirudia tu kusema kwamba hakukiona hata kiwiko kikija.

Jioni Teodora alimwambia Mama Mhoja kwamba anataka kuacha, kwa sababu amemuumiza mtu asiye na hatia.

“Macho yako ni yake?” Mama Mhoja aliuliza. “Basi asiyashike.”

Hakuacha. Kesho yake Pius alisimama mbali, mdomo umevimba, akamwita jina kwanza, akangoja aitikiwe ndipo akasogea. Teodora alicheka, kisha akajikuta anatokwa machozi mbele ya watu.