Piki Iliyomkataa Mama

Jirani yangu ana pikipiki inayokohoa. Kila asubuhi naisikia nikiwa bado kitandani: teke, kha. Teke, kha. Halafu kimya, halafu jirani anaitukana yenyewe na ukoo wake wote. Wapangaji wengine wanaziba masikio. Mimi, mwanamke mzima ninayemaliza sahani ya ugali wa posho bila kusaidiwa, narudi kuwa msichana mdogo, nimesimama uani kule mtaani Luzira, naomba Mungu injini iwake.

Baba yangu alikuwa mtu wa kaskazini. Aliacha jeshi, akanunua pikipiki, akawa bodaboda, na pale siteji wenzake walimwita Afande. Mama alitoka Kongo, aliuza vitenge sokoni Kikuubo. Hakuna aliyejua lugha ya mwenzake, basi wakapendana kwa Kiswahili, wakanilea kwa Kiswahili, na ndicho kitu pekee nilichojifunza mpaka mwisho. Shule tuliachana njiani. Mwalimu alisema kichwa changu kina nafasi kubwa, tatizo hakuna kilichohamia.

Kila asubuhi Baba alimpeleka Mama Kikuubo. Sasa Mama akapata mimba, na piki ikapata tabia. Baba akiwa peke yake, au na abiria aliyekaa karibu naye, teke moja tu, inanguruma. Mama akipanda, inazima. Ingekuwa kila siku tungezoea, lakini siku nyingine ilikubali vizuri, hasa Mama akikaa mbele amembana Baba mgongoni. Tumbo lilivyokua alisogea nyuma, na piki ikazidi kukataa. Siku moja iliruka shimo ikazima katikati ya barabara, mimi nimebanwa mbele kwenye tanki, Mama nyuma, lori linapiga honi nyuma yetu. Baba aliisukuma pembeni huku anapiga mluzi. Nikafikiri, huyu Baba haogopi kitu.

Fundi wetu aliitwa Kato, kijana mwembamba kama spoku ya baiskeli, mwenye uhakika wa watu wawili.

"Ni plagi, Afande," alisema, akabadilisha plagi. Akapiga teke, ikawaka, akaizungusha mpaka barabarani, akarudi anacheka. "Si umeona? Imepona."

Kesho yake Mama akapanda, kimya.

"Basi ni kabureta."

Akaosha kabureta. Ikawaka, akazunguka, imepona tena. Mama akapanda, kimya tena.

Nyumba nzima tuliona kwamba inamkataa Mama tu, lakini nani angefungua mdomo? Kumwambia mwanamke mwenye mimba kwamba ni mzito ni kuanzisha vita, na Baba alikuwa ameshastaafu vita. Mama mwenyewe akaanza kutembea mpaka barabarani kutafuta teksi. Alisema kutembea kunamfurahisha. Nikaamini; niliamini vitu vingi.

Kwa mfano, nilimwamini Mama Akello, jirani wa mlango wa pili. Siku moja nilikuwa nimejificha nyuma ya mashuka yaliyoanikwa, natafuna sukari ya kuiba, nikamsikia anamwambia mwenzake kwa sauti ya chini.

"Chuma kinasikia. Kinamjua mtu aliyebeba kifo."

Sukari ikageuka mchanga mdomoni. Maana mtoto aliyenifuata mimi alizaliwa bila kulia, na tulimzika kabla hajapewa jina. Basi piki inajua, nikawaza. Piki inajua, ila haiwezi kusema. Tangu siku hiyo Mama akiinua mguu kupanda, mimi nilifumba macho.

Uchungu ulimshika mchana, mvua inaanza. Alikuwa anachambua maharage, akaweka sinia chini taratibu, akashika ukuta, akasema, "Baba Rozi, twende hospitali, Mulago." Rozi ndiye mimi.

Baba akapiga teke, ikanguruma. Mama akapanda, ikafa. Mama akashuka, ikawaka. Akapanda, ikafa. Mvua ikazidi, barabara ya juu ikafurika, hakuna teksi iliyosimama. Kato alikuja mbio na spana mkononi, akashika plagi, akaiachia, akashika kabureta, akaiachia. Baba alikuwa anapiga teke na mluzi pamoja. Mama Akello akaanza kusali kwa sauti, na nilivyosikia ile sala nikajua naye anafikiria maneno yake ya siku ile.

Ikanitoka. "Baba, piki inamwogopa Mama. Inajua atakufa."

Mluzi ukakatika. Mama alinigeukia. Nilitegemea kofi. Badala yake akapumua mpaka uchungu ukapita, akasema, "Mama Akello, acha kusali, panda piki."

"Mimi?"

"Wewe. Kaa nyuma kabisa, pale ninapokaa. Kato, kaa mbele yake. Rozi, panda juu ya Kato."

"Mama, mvua—" Kato alianza.

"Panda, kijana. Mimi ndiye nazaa, si wewe."

Baba akapiga teke, injini ikawaka. Tukapanda kama mizigo ya sokoni, Mama Akello wa mwisho, sketi yake imenasa kwenye bomba la moshi. Alivyokaa tu, kha. Ikafa.

"Shukeni," Mama akasema. "Washa." Ikawaka. "Pandeni." Ikafa.

Mama akaegemea ukuta akacheka, machozi yanamtoka. "Kumbe si mimi. Ni kiti. Toeni kiti."

Kato alikifungua kwa spana yake. Chini yake palikuwa na ubao wa nyongeza, na bolti ndefu imechomoza kwa chini. Mtu akikaa nyuma, ubao ulibonyea, bolti ikaukandamiza waya mmoja mwembamba dhidi ya fremu. Ngozi ya waya ilikuwa imelika, na huo waya ukigusa chuma, moto wa plagi unakufa. Kato akang'oa bolti, akafunga waya kwa kipande cha tyubu. Baba akawasha, Mama akapanda, akakaa nyuma. Inanguruma.

Waliondoka kwenye mvua. Mimi nilibaki nimesimama, nasikiliza ile sauti ikipanda kilima, ikipungua, ikipungua, mpaka sikuisikia. Mchana ule wote sikujua kama ilikuwa imefika mbali au imezimika. Nilikaa palepale mlangoni, Mama Akello amenifunika kanga, mpaka Baba akarudi peke yake. Alikuwa anapiga mluzi. Tulikuwa na mtoto wa kiume, aliyelia mpaka manesi wakachoka.

Mluzi niliuelewa mimi mwenyewe nilipoanza kuendesha boda, siku breki ziliponigomea kwenye mteremko nikajisikia napiga mluzi uleule. Ubao nao niliuelewa baadaye. Baba ndiye aliyeuweka, na sponji mpya juu yake, mimba ilipoingia, ili Mama akae vizuri. Na Mama hakuwahi kupenda kutembea. Alikuwa amesikia yote aliyosema Mama Akello, au alikuwa ameshajisemea mwenyewe kabla yake. Tulifikiri siku ile anatafuta ubovu wa piki, kumbe anatafuta kama ubovu uko kwake.

Siku hizi Mama nambeba mimi, kwa boda yangu. Hapandi mara moja. Kwanza anaweka kiganja kwenye kiti, pale nyuma kabisa, anakandamiza kwa uzito wake wote, anasikiliza injini. Mimi ninayecheka kila kitu, hapo sicheki. Nasubiri mpaka aondoe mkono.