Mtani Wangu Kwenye Mawe ya Chokaa

Nina hasira za karibu, na sijawahi kuziombea radhi isipokuwa mara moja.

Enzi zile za ruksa, biashara zilipofunguliwa kwa kila mtu, nilikuwa nimepunguzwa kazi ya uchapaji, na binamu yangu, mtoto wa shangazi, alikuwa amenawiri kwa kuuza mitumba soko la Mfaranyaki. Kwetu mtoto wa shangazi ni mtani. Tangu utotoni aliniita mke wake, nami nilimtukana nilivyopenda. Kosa lilikuwa kukasirika. Jumamosi moja tulitoka alfajiri kwenda kumwona mama yake, tukapita njia ya mkato ndani ya hifadhi, penye mawe ya chokaa.

Mawe yale hayana huruma. Mvua imeyatoboa na kuyanoa mpaka yanakata soli ya kiatu, na kila hatua chache kuna shimo lililojificha chini ya majani. Ilipofika saa nne goti langu lilikuwa linavuja damu, yeye anacheka tu.

Tukaingia pangoni kupumzika. Akapiga ukelele, pango likamwitikia mara tatu.

"Umesikia, mke wangu?" akasema. "Kama tumbo lako. Tupu, linaitika tu."

Mwaka ule nilikuwa nimemzika mwanangu wa siku nne. Alijua, ndiye aliyekibeba kile kijeneza. Labda alidhani utaniponya, utani wake, maana kwetu hata msibani mtani hutania ili mfiwa acheke. Sikucheka. Niliokota jiwe nikampiga nalo usoni. Akarudi nyuma, nikamfuata, nikampiga tena. Akanikamata nywele, akanibamiza ukutani. Tulitoka nje tumeshikana, tunang'atana kama mbwa. Nikamsukuma kwa nguvu zangu zote. Akazama shimoni mpaka kiunoni, na nikasikia mfupa wa mguu wake ukivunjika.

Ukweli niuseme: kwa kitambo nilitaka afie pale. Nilisimama juu yake na jiwe mkononi, damu ikimtiririka machoni.

"Malizia basi," akasema.

Nikalitupa jiwe. Nilimvuta kwa khanga yangu, nikamfunga mguu kwa vijiti, nikambeba mgongoni. Mawe yalinichana nyayo. Kila nilipojikwaa alipiga yowe, nami nikamfokea anyamaze, huku nalia. Tulifika kwa shangazi jua linapunga.

"Nani kakufanya hivi, mwanangu?" shangazi aliuliza.

"Nimeteleza, mama."

Shangazi alizitazama kucha zangu zenye damu, asiulize tena. Nilingoja binamu yangu aongeze neno la utani, hata tusi. Aligeukia ukutani.

Miezi ikapita. Nilijizungusha nyumbani nikiogopa, mimi niliyekuwa siogopi mtu. Mwishowe nikaenda kwenye kibanda chake kumwomba radhi. Nilimkuta anachechemea, anatundika mashati. Nikaona nianze kwa utani wetu.

"Mume wangu, ndiyo umenitelekeza?"

Wateja wakacheka. Yeye alikuwa amenizidi miaka mitatu. Aliliweka shati chini, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, dada," akasema.